Mtunza Kitabu: Msimamizi wa Jukwaa katika Historia ya Tamthilia ya Kenya

Utangulizi

Mhakiki wa tamthilia anapoandika kuhusu onyesho, aghalabu huwataja watu watatu: mtunzi, mwelekezi na mwigizaji. Akiwa mkarimu, humtaja na aliyeshona maleba. Yuko mtu wa nne ambaye hatajwi. Huyu ndiye aliyeamuru taa ziwake na zizimwe, aliyehakikisha kwamba panga limewekwa pale ambapo mwigizaji atalipapasa gizani na kulipata, na aliyeandika katika daftari lake kila hatua iliyopigwa jukwaani tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Ni msimamizi wa jukwaa, au steji meneja kama wanavyomwita wanajukwaa wenyewe.

Kimya hiki kina sababu zake. Uhakiki wetu wa tamthilia ya Kiswahili umelelewa katika madarasa ya fasihi andishi. Tumezoea kuisoma tamthilia kama tunavyoisoma riwaya: tunachambua dhamira, wahusika, migogoro na matumizi ya lugha, kisha tunaongeza aya moja kuhusu "uigizikaji" wake. Yule ambaye kazi yake yote ni huo uigizikaji hana pa kuingilia katika mjadala wa aina hiyo.

Makala haya yanakusudia kuifuatilia historia ya kazi ya msimamizi wa jukwaa, hasa msimamizi wa kujitegemea, yaani yule anayeajiriwa kwa onyesho moja na kuagwa mara pazia linapofungwa kwa mara ya mwisho. Hoja yetu kuu ni kwamba msimamizi wa jukwaa ndiye mtunza kumbukumbu ya tamthilia, na kwamba hali ya ajira yake nchini Kenya ni mojawapo ya sababu za kumbukumbu hiyo kupotea. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi umaskini wa historia ya sanaa za jukwaani nchini haukuletwa na uhaba wa maonyesho. Umeletwa, kwa kiasi fulani, na namna tulivyowatendea waliokuwa na kalamu mkononi.

Kitabu na leseni

Kazi hii haikuanza na jina lake la leo. Katika majumba ya michezo ya London mwishoni mwa karne ya 16, kila kundi la waigizaji lilikuwa na mtunza kitabu. Maandishi yalinakiliwa kwa mkono, na makundi yaliogopa kuibiwa michezo yao. Kwa hiyo mwigizaji hakupewa tamthilia nzima. Alipewa maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya msemaji aliyemtangulia, ili ajue wakati wa kudakia. Maandishi ya namna hiyo aliyoyatumia Edward Alleyn kuigiza nafsi ya Orlando yamehifadhiwa hadi leo katika Dulwich College. Mchezo mzima ulikuwa mikononi mwa mtunza kitabu peke yake.

Tena nakala hiyo ndiyo iliyobeba idhini ya ofisa wa kasri aliyepewa jukumu la kuikagua michezo. Idhini iliandikwa juu ya kitabu chenyewe. Aliyekipoteza kitabu alipoteza mchezo na leseni yake kwa pamoja. Ni vyema msomaji aukumbuke uhusiano huu wa kitabu na leseni, kwa kuwa tutakutana nao tena karibu na kwetu.

Aidha, mtunza kitabu alitumia karatasi moja kubwa iliyoorodhesha nani anaingia, lini, na amebeba nini. Karatasi mojawapo iliyobaki, ya mchezo uitwao The Second Part of the Seven Deadly Sins, ina tundu upande wa juu linaloonyesha kwamba ilitundikwa mahali ambapo waigizaji wangeweza kuitazama. Mwaka 1931 mtaalamu W. W. Greg alizikusanya karatasi hizi na kuzichapisha pamoja na maelezo yake. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba karatasi hizi, ambazo hazikukusudiwa kusomwa na mtu wa nje, ni miongoni mwa mashahidi wachache wanaotueleza nani aliigiza nafsi gani. Watunzi hawakujishughulisha kuliandika jambo hilo. Maarifa ya wanazuoni yameegemea karatasi ya mtumishi.

Karne ya 19 iliibadilisha kazi hii kwa njia ya mwanga. Mwaka 1817 majumba makubwa ya London yalianza kutumia taa za gesi, na mwaka 1881 jumba la Savoy likawashwa kwa umeme. Mwanga ulipoweza kubadilishwa kwa mkupuo mmoja, ilihitajika sauti moja ya kusema ni sasa. Katika karne hiyo aliyeitwa msimamizi wa jukwaa nchini Uingereza ndiye pia aliyewapanga waigizaji na kuwaelekeza. Karne ya 20 ilipoanza, na hasa baada ya Edward Gordon Craig kuchapisha mawazo yake kuhusu sanaa ya jukwaa mwaka 1905, mwelekezi alitengwa na kupewa hadhi ya msanii. Msimamizi akabakia na utekelezaji. Mgawanyo huo ulizaa daraja mbili, na uhakiki ukairithi daraja ya juu pekee.

Jukwaa la kikoloni na jukwaa la shule

Sanaa za maonyesho za pwani na bara hazikukosa wasimamizi kabla ya majumba haya. Ngoma ya Kiswahili ina manju wake, ambaye huianzisha nyimbo, huwapanga wachezaji na kuamua wakati wa kugeuza mdundo. Hata hivyo, manju huongoza akiwa ndani ya duara, mbele ya macho ya watu wote, na sifa yake huenea pamoja na ngoma yake. Msimamizi aliyejificha nyuma ya pazia ni mgeni aliyeletwa na jengo.

Jengo lenyewe lilifunguliwa Nairobi tarehe 6 Novemba 1952. Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza ulizinduliwa na mwigizaji wa Kiingereza, Ralph Richardson, majuma machache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo. Wahakiki wameijadili sana sadfa hiyo ya kisiasa. Lisilojadiliwa ni kwamba umbo la ukumbi huo, lenye pazia, pembe za kujificha na hadhira iliyokaa upande mmoja, lilidai pia aina fulani ya kazi na aina fulani ya mfanyakazi. Katika jiji hilohilo, kundi la Donovan Maule liliendesha maonyesho ya kulipwa kwa ajili ya hadhira ya walowezi, likifuata desturi za kazi kutoka Uingereza.

Waafrika wengi waliijua tamthilia ya Kimagharibi kwa njia ya shule. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini alipokuwa mwanafunzi katika Shule ya Upili ya Alliance, na tamthilia hiyo ikachapishwa mwaka 1957. Mwaka huohuo zilitoka Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu za Graham Hyslop. Mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule yalianza mwaka 1959, na hatimaye yakawa mkusanyiko mkubwa kabisa wa wanajukwaa nchini. Lakini shule ilituachia pia mazoea mabaya. Mwanafunzi aliyeshindwa kuigiza alipewa pazia alivute. Kazi ya usimamizi ikaeleweka kuwa fidia ya aliyekosa kipaji, na fikra hiyo wengi wetu tumehitimu nayo.

Nafasi, muda na serikali: 1974 hadi 1982

Kuanzishwa kwa kundi la maonyesho ya safari la Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, likifuata mfano wa lile la Makerere la miaka ya 1960, kulitikisa mazoea hayo. Onyesho lililosafiri halikuwa na pembe za kujificha. Lilichezwa katika mabwalo ya chakula na viwanja vya shule, mara nyingi mchana kweupe. Taa zilipokosekana, ishara za taa zilibidi zigeuzwe kuwa wimbo, ngoma au kimya. Anayezisoma tamthilia za kipindi hicho na kustaajabia wingi wa nyimbo ndani yake hana budi kujiuliza ni nyimbo ngapi zilizotokana na itikadi, na ngapi zilizotokana na ukosefu wa umeme.

Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilitayarishwa kwa ajili ya tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos mwaka 1977. Ngũgĩ ameeleza jinsi Ukumbi wa Kitaifa ulivyokuwa tayari umetengewa mchezo wa muziki wa Kimarekani na kundi la baleti kutoka Ufaransa, na jinsi tamthilia za wenyeji zilivyopewa siku chache za mwezi Oktoba. Wahakiki wameusoma mgogoro huo kama suala la utambulisho wa kitaifa, na wamefanya vyema. Msimamizi wa jukwaa angeusoma kwa saa. Siku chache maana yake ni kufunga taa usiku, kufanya zoezi moja la maleba, kuonyesha, na kubomoa mandhari kabla ya wenye ukumbi hawajarudi. Hapo kalenda imekuwa chombo cha utawala. Na pale waigizaji wa Kimathi walipoungana na watazamaji wakatoka wakiimba na kucheza hadi barabarani, ilizuka pia swali ambalo halina jibu katika matini iliyochapishwa: onyesho lilikwisha wapi, na nani aliyekuwa na mamlaka ya kuzima taa?

Kamĩrĩĩthũ ilitoa jibu lake mwaka 1977. Wanakijiji walijijengea ukumbi usio na paa wa watu zaidi ya 2000, wakafanya mazoezi hadharani, na shughuli za jukwaa wakazigawana wenyewe. Msimamizi hakuwa na pazia la kujificha nyuma yake. Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na leseni yake ikafutwa tarehe 16 Novemba. Mapema mwaka 1982 kundi hilohilo lilipotaka kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Ukumbi wa Kitaifa, lilikuta milango imefungwa. Lilihamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako watu walijaa kutazama mazoezi tu, hadi yalipokomeshwa. Tarehe 12 Machi 1982 ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa na polisi.

Hapa ndipo uhusiano wa kitabu na leseni unaporejea. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1962, Sura ya 222, ilidai mchezo upate leseni kabla ya kuonyeshwa, na ofisa alikata shauri kwa kusoma maandishi. Lakini maandishi aliyoletewa ofisa si kitabu cha msimamizi. Ofisa huona maneno. Msimamizi huona kwamba baada ya neno fulani mwigizaji husimama kimya kwa pumzi tano akiwatazama watazamaji, na kwamba kicheko cha ukumbi huzaliwa katika kimya hicho. Ndiyo maana udhibiti wa maandishi haukutosha kamwe, na serikali ikalazimika kufunga milango. Ndivyo ilivyokuwa hata katika siku za karibuni. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliondoa marufuku dhidi ya Shackles of Doom ya wasichana wa Butere. Aprili 2025, wanafunzi wa shule hiyohiyo walipofikishwa jukwaani Nakuru na Echoes of War, waliimba wimbo wa taifa na kuondoka. Hakuna leseni iliyoutaja wimbo huo, wala hakuna leseni ingeweza kuuzuia.

Maisha ya msimamizi wa kujitegemea

Tangu miaka ya 1980 uendeshaji wa tamthilia mjini Nairobi umegawanyika. Phoenix Players, kundi lililoanzishwa na James Falkland, lilikuwa na msimu wa mwaka mzima na wanachama wa kulipa ada, na kwa hiyo lilihitaji watu wa kudumu nyuma ya jukwaa. Kwingineko makundi yaliundwa kwa ajili ya mchezo mmoja, yakavunjika, yakaundwa tena kwa jina jingine. Wahome Mutahi, hadi kifo chake mwaka 2003, alipeleka michezo yake mabaani, ambako msimamizi alishindana na mlio wa chupa. Makundi mengine yalizunguka shuleni yakiigiza vitabu teule vya mtihani. Huu ndio ulimwengu wa msimamizi wa kujitegemea.

Mwandishi wa makala haya aliifanya kazi hiyo kwa misimu minne kabla ya kurejea chuoni kwa masomo ya uzamili, na anaomba radhi kwa kutumia nafsi ya kwanza katika sehemu hii. Siku yangu ilianza kabla ya ya waigizaji. Nilifagia jukwaa mwenyewe, kwa sababu msumari mmoja unatosha kumtoa mwigizaji asiyevaa viatu. Nilipanga vifaa juu ya meza iliyochorwa miraba kwa chaki, kila kifaa na mraba wake, ili nafasi tupu inipigie kelele. Nusu saa kabla ya kuanza niliita majina. Onyesho likisha niliandika ripoti: limeanza saa ngapi, limekwisha saa ngapi, nani alisahau nini, hadhira ilicheka wapi. Kazi mbili kwa wakati mmoja lilikuwa jambo la kawaida, kwani malipo ya mchezo mmoja hayakutosha kodi ya nyumba.

Mafunzo niliyoyapata yanaweza kufupishwa. La kwanza ni kwamba makubaliano ya malipo hufanywa kabla ya zoezi la kwanza, tena kwa maandishi. Mtayarishaji anayesema "tutaangalia mlangoni" amekwisha kumfanya msimamizi mshirika wa hasara, lakini si wa faida. La pili ni kwamba mamlaka ya msimamizi huonekana katika neno moja, hapana. Siku moja nilikataa kuanzisha onyesho kwa sababu ulingo wa mbao uliyumba. Watazamaji walingoja dakika ishirini na mwelekezi hakunisemesha kwa juma zima, ila hakuna aliyevunjika mguu. Jumba la Iroquois mjini Chicago liliteketea tarehe 30 Desemba 1903, likaua watu zaidi ya 600, baada ya taa ya jukwaani kuunguza mapazia, na lile pazia la kuzuia moto likakwama lilipoteremshwa. Nani alilijaribu pazia lile asubuhi? Hilo ndilo swali la msimamizi. La tatu ni kwamba asiye na mwajiri wa kudumu hana wa kumwendea siku ya dhiki. Machi 2020, mikusanyiko ilipopigwa marufuku kwa sababu ya Korona, waliotegemea mchezo hadi mchezo waliamka bila kazi na bila barua ya kufutwa.

La nne liliniuma zaidi, na ndilo lililozaa makala haya. Katika msimu wangu wa mwisho nilisimamia tamthilia teule ya Kiswahili iliyozungushwa shuleni, mara nyingine shule mbili kwa siku. Msimu ulipokwisha, mtayarishaji aliniambia kwamba mapato yalikuwa haba, na kwamba ningelipwa nusu iwapo ningemwachia daftari langu la jukwaa, kwa kuwa alikusudia kuuonyesha mchezo tena. Nilikuwa na deni la kodi. Nikaliacha. Mwaka uliofuata niliketi miongoni mwa wanafunzi nikamtazama mwigizaji nisiyemjua akinyanyuka kutoka kwenye kigoda kwa neno lilelile, akienda hatua tatu zilezile, akigeuka pale nilipoandika "ageuke". Jina langu halikuwemo katika programu. Hilo nililivumilia. Lakini miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikiandika tasnifu na nikihitaji kuthibitisha jinsi tukio moja la tamthilia hiyo lilivyobadilishwa kutoka shule hadi shule, nilikwenda kuliomba lile daftari. Niliambiwa lilitupwa pamoja na makaratasi mengine ofisi ilipohamishwa. Sura hiyo ya tasnifu niliiondoa.

Maana yake kwa uhakiki

Tukio hilo dogo linadokeza suala pana. Tamthilia iliyochapishwa si chanzo safi cha kalamu moja. Mara nyingi huchapishwa baada ya kuonyeshwa, na maelekezo ya jukwaani yaliyomo huenda yakawa yametoka kwa mtunzi, kwa mwelekezi, au katika daftari la msimamizi. Mhakiki anayenukuu maelekezo hayo kama ushahidi wa "nia ya mtunzi" anatembea juu ya ulingo ambao hajaujaribu.

Tuchukue mfano wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kuingia kwa Kinjeketile mtoni na kutoka kwake baadaye akiwa na habari za maji ndiko kitovu cha tamthilia. Kwenye ukurasa ni suala la imani na mkakati wa kisiasa. Jukwaani ni suala la mahali: mto uko wapi? Je, mwigizaji hutoweka pembeni, au hubakia mbele ya macho yetu chini ya mwanga hafifu? Anangojewa kwa muda gani? Onyesho linalomficha kabisa linatutaka tuamini pamoja na wanakijiji. Onyesho linalotuonyesha mwigizaji akisubiri ishara yake linatupa shaka ambayo wanakijiji hawana. Hizo ni tafsiri mbili zinazopingana kuhusu swali kuu la tamthilia, na tofauti baina yao imo katika mstari mmoja wa daftari. Kinjeketile imeigizwa mara nyingi katika Afrika Mashariki. Tungekuwa na madaftari kumi ya maonyesho hayo, tungeweza kuandika historia ya namna vizazi mbalimbali vilivyoyaelewa Maji Maji. Hatuna, na kwa hiyo tunaendelea kuhakiki ukurasa.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba msimamizi wa jukwaa amekuwa mtunza kitabu tangu karne ya 16, kwamba kitabu hicho kimefungamana na leseni na kwa hiyo na dola, na kwamba nchini Kenya kazi hiyo imeangukia mikononi mwa watu wasio na mkataba, wasio na jina katika programu, na wasio na mahali pa kuweka walichokiandika.

Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, kila onyesho linalofanywa chini ya idara za fasihi na za sanaa za jukwaani liache nakala ya daftari lake katika maktaba ya chuo, na jina la msimamizi liandikwe juu yake. Pili, wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wawaendee wasimamizi waliobaki wa miaka ya 1970 na 1980, wawahoji, na kuwaomba ruhusa ya kunakili walichokihifadhi masandukuni. Watu hao ni wazee sasa, na kazi hii haiwezi kungoja. Tatu, sisi tunaohakiki tujifunze kuuliza, kabla ya kunukuu maelekezo ya jukwaani, yameandikwa na mkono wa nani.

Ukumbi wa Kitaifa ulifunguliwa upya mwaka 2015 baada ya kukarabatiwa, na viti vyake na taa zake ni bora kuliko vya zamani. Kabati la madaftari litagharimu kidogo sana kuliko viti hivyo.